Viwavijeshi wa kijani na viwavijeshi weusi: inawezekanaje spishi moja ikawa na miili miwili?

Mkulima wa Kongwa aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nalima mtama na uwele upande wa Kongwa, na nina swali ambalo limezua ubishi mrefu kati yangu na wazee wangu. Ningependa wenye elimu ya wadudu walitolee maelezo ya kutosheleza, kwa kuwa majibu niliyopewa hadi sasa ni ya mkato mno.

Mvua za mwanzo ziliponyesha, kwenye nyasi za malisho kandokando ya shamba nilikuwa nikiona kiwavi mmoja mmoja, wa rangi ya kijani au ya udongo, amejibanza chini karibu na shina la nyasi na hana haraka yoyote. Baadaye wakatokea viwavi weusi wenye mistari ya njano ubavuni, wengi wasiohesabika, wakila mchana kweupe juu ya majani na wakihama kwa pamoja kutoka shamba hadi shamba. Afisa ugani wa kata yetu alisema kwamba wale wa kijani na hawa weusi ni mdudu mmoja, yaani viwavijeshi wale wale, ila wamekulia katika hali tofauti. Baba yangu mdogo, ambaye amelima hapa tangu kabla sijazaliwa, hakubali hata kidogo. Yeye anasema weusi huletwa na upepo wa mvua, na wale wa kijani ni wenyeji wa hapa hapa ambao hawajawahi kumpa mtu hasara.

Kama afisa ugani yuko sahihi, basi naomba kuelewa ni kitu gani hasa kinachomfanya kiwavi mmoja awe kijani na ndugu yake awe mweusi, ilhali wametoka katika mayai ya nondo wa aina moja. Tena, je, ni jambo lile lile tunaloliona kwa mchwa, ambapo kichuguu kimoja kina vibarua, askari wenye vichwa vikubwa na kumbikumbi wenye mabawa? Na ikiwa mazingira yana nguvu ya kubadilisha mwili kiasi hicho, kwa nini kuku wangu wa kishingo hawaoti manyoya shingoni hata nikiwalisha vizuri namna gani? Swali hili la mwisho ni la mwanangu, nami nimeona nisilifiche kwa sababu nilishindwa kulijibu.

Bwana Shamba Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkulima, afisa ugani wenu amesema kweli, lakini baba yako mdogo naye asidharauliwe, kwa sababu nusu ya anayoyasema ni sahihi kabisa. Nondo wa viwavijeshi husafiri usiku wakisaidiwa na upepo, na pale pepo zinapokutana kwenye eneo la mvua hujikuta wamerundikana na kutua kwa wingi mahali pamoja. Hapo hujamiiana na kutaga mayai kwa mafungu, na baada ya siku chache nyasi changa zilizochipua kwa mvua ile ile huwa zimejaa viwavi. Kwa hiyo kundi kubwa la viwavi weusi kwa kweli hufuata upepo wa mvua, kama mzee anavyosema. Jambo asiloliona, na ambalo si rahisi kuliona kwa macho, ni kwamba nondo yule yule angetua peke yake kwenye malisho yenye nondo wachache, watoto wake wangekua wakiwa wametawanyika, nao wangekuwa wa kijani au wa rangi ya udongo.

Viwavi wanapoanguliwa hakuna aliyeandikiwa rangi. Katika hatua zao za mwanzo hufanana, na tofauti huanza kuonekana wazi baada ya kujivua ngozi mara kadhaa. Kinachoamua ni msongamano: kiwavi anayegusanagusana na wenzake wakati wote hupokea taarifa kwamba yuko kwenye umati, mfumo wake wa fahamu na wa homoni huitafsiri taarifa hiyo, na anapotengeneza ngozi mpya kabla ya kujivua ile ya zamani huijaza melanini, rangi nyeusi ya jamii ile ile inayopatikana katika ngozi zetu na nywele zetu. Jeni za kutengeneza melanini anazo kila kiwavi, hata yule wa kijani. Kinachotofautiana ni kiasi zinavyotumika.

Rangi hiyo ina faida zake, na hapa ndipo mambo yanaponivutia zaidi. Kiwavi mweusi hukaa juu ya jani, hupata joto la jua, hula kwa bidii na kukua haraka, jambo ambalo lina maana kubwa pale chakula kinapokaribia kuisha kwa sababu walaji ni wengi. Pia katika msongamano magonjwa huenea upesi. Kuna virusi vinavyowaua viwavijeshi hawa, ambao mwili huoza ukalegea na kubaki umening'inia kwenye majani, na utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba viwavi waliokuzwa kwa msongamano huvihimili virusi hivyo vizuri zaidi kuliko wale waliokuzwa peke yao. Kiwavi aliye peke yake hana sababu kubwa ya kugharamia kinga ya namna hiyo, kwa hiyo hubaki na rangi ya kumficha ndani ya nyasi asionwe na ndege.

Jambo hili limewahi kuwapotosha hata mabingwa. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita, nzige wahamao na panzi fulani wa kijani waliohesabiwa kuwa spishi mbili walikuwa na majina mawili ya kisayansi, mpaka mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoeleza kwamba ni spishi moja yenye hali mbili, ya upweke na ya kundi. Kwetu Tanzania nzige wekundu nao wana hali hizo mbili, na bonde la Wembere, kati ya Singida na Tabora, ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwa mazalia yao. Kwa upande wa nzige wa jangwani, watafiti walibainisha mwaka 2009 kwamba panzi mpweke akipapaswa mapaja ya nyuma, kama vile anavyoguswa na wenzake katika msongamano, kemikali iitwayo serotonini huongezeka katika mfumo wake wa fahamu, na ndani ya saa mbili hivi anaacha kuwakimbia wenzake na kuanza kuwafuata. Tabia hutangulia, mwili hufuata polepole kupitia kujivua ngozi.

Naongeza tahadhari moja. Usije ukawachanganya hawa na viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017, ambao hupenda zaidi mahindi na hujificha ndani ya moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochomoza. Wale ni spishi nyingine kabisa, na huko si suala la hali mbili za mdudu mmoja.

Mfuga Nyuki, Manyoni aliandika:

Naomba nichangie kutoka upande wa mizinga, kwa kuwa sisi huku jambo hili tunaliishi. Malkia na nyuki kibarua hutoka katika yai la aina moja, lililorutubishwa, na kwa siku za mwanzo baada ya kuanguliwa mabuu wote hulishwa ule utomvu mweupe unaotoka kwenye tezi za kichwani mwa nyuki walezi, ambao wengi tunauita maziwa ya nyuki. Takriban siku ya tatu njia zao hugawanyika: buu anayeandaliwa kuwa kibarua huanza kupewa mchanganyiko wenye asali na chavua, wakati yule aliyewekwa katika chumba cha malkia, kile kirefu kinachoning'inia kama karanga kwenye sega, huendelea kuogeleshwa katika maziwa hadi mwisho.

Matokeo yake ni miili miwili ambayo mtu asiyejua angeapa kuwa ni wadudu wawili. Malkia hukamilika baada ya siku 16 hivi, mapema kuliko kibarua anayehitaji takriban siku 20 au 21, ingawa malkia ndiye mkubwa zaidi. Yeye ana vifuko vya mayai vilivyojaa, hana vikapu vya kubebea chavua miguuni, na anaweza kuishi miaka kadhaa, hali kibarua wa msimu wa kazi huisha kwa wiki chache tu. Malkia akifa ghafla, vibarua huchagua mabuu wachanga wa kawaida, huwajengea vyumba vya malkia na kuwabadilishia chakula, na mzinga hupata malkia mpya kutoka kwa buu ambaye jana yake alikuwa anaelekea kuwa kibarua.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ndugu Mkulima asisumbuke sana: chakula ndicho kinachoumba mwili, na hata hao mchwa ukiwachunguza utakuta ni habari ya chakula tu.

Mkulima wa Kongwa aliandika:

Nawashukuru sana, Mzee wangu Bwana Shamba na ndugu yangu wa Manyoni. Baba mdogo nimemsomea sehemu inayosema yuko sahihi nusu, naye amefurahi na hataki kusikia nusu ya pili.

Maelezo yenu yamenizalia swali jingine. Kiwavi aliyekwisha kuwa mweusi nikimtenga peke yake, atarudi kuwa kijani? Na buu wa nyuki aliyekwisha kula chakula cha vibarua, je, bado anaweza kuinuliwa awe malkia?

Mwalimu wa Baiolojia, Dodoma alijibu:

Ndugu Mkulima, swali lako hili la pili ndilo lenye ufunguo wa mambo yote, kwa hiyo nitaanza nalo kabla sijaenda kwa mchwa na kuku.

Katika ukuaji wa kila mdudu wa namna hii kuna kipindi ambacho mwili uko tayari kusikiliza ishara za mazingira, na kipindi hicho kikipita, mlango hufungwa. Buu wa nyuki akiwa mchanga sana anaweza kugeuzwa kuwa malkia kamili; akicheleweshwa zaidi ya siku tatu hivi, hata ukimjaza maziwa ya nyuki hatokei malkia wa maana, na mara nyingine hutokea mdudu wa kati kwa kati mwenye sehemu za malkia na sehemu za kibarua. Kiwavi aliyebakiwa na hatua kadhaa za kujivua anaweza kubadilika akitengwa, kwa sababu kila ngozi mpya ni fursa mpya, lakini aliyefikia ngozi yake ya mwisho kabla ya kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia bila kula kabla ya kuwa nondo, hubaki na rangi aliyonayo. Nondo atakayetoka, awe alikuwa kiwavi mweusi au kijani, hutaga mayai ambayo yanaweza kuelekea upande wowote.

Sasa, kwa heshima zote, sikubaliani na ndugu wa Manyoni kwamba kila kitu ni chakula. Chakula ni ishara mojawapo tu. Kwa viwavijeshi na nzige ishara ni kuguswa. Kwa vipepeo wengi wa Afrika ni joto: kipepeo mdogo wa kahawia aitwaye Bicyclus anynana, anayefanyiwa utafiti sana katika maabara, huwa na madoa makubwa yanayofanana na macho kwenye mabawa akikulia katika joto la msimu wa mvua, na madoa hayo hunywea akikulia katika ubaridi unaotangulia kiangazi. Sababu yake si ngumu kuiona kwa mtu wa Dodoma. Wakati wa mvua kipepeo huruka katikati ya majani mabichi, na doa kubwa humvuta ndege adonoe ukingo wa bawa badala ya kichwa. Wakati wa kiangazi, ardhi yetu ikiwa imetanda majani makavu, njia salama ni kutulia juu yake na kufanana nayo, na doa lolote la kung'aa lingemuumbua.

Hata kwa nyuki wenyewe, chakula hufanya kazi kwa kuamuru matumizi ya jeni. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walichukua mabuu wachanga na kudhoofisha jeni moja tu, ile inayoongoza ubandikaji wa alama za kikemikali juu ya DNA, na sehemu kubwa ya mabuu hao wakakua wakiwa na maumbile ya malkia. Kumbe njia ya umalkia imo ndani ya kila buu jike, na chakula kinachofuata ndicho huamua kama itafunguliwa au itazibwa. Tena ndugu yetu amewasahau nyuki dume, ambao wako katika mzinga ule ule lakini hawatokani na chakula hata kidogo: wao hutoka katika mayai yasiyorutubishwa, kama mfuga nyuki Jan Dzierzon alivyoeleza tangu mwaka 1845, na huwa na kromosomu 16 badala ya 32. Kwa hiyo mzinga mmoja una tofauti ya aina mbili, moja ya malezi na nyingine ya kurithi, zikikaa pamoja katika sega moja.

Nikija kwa mchwa, wale wa vichuguu vikubwa tunavyoviona kuanzia Chamwino hadi Bahi, wao hawana hatua ya pupa kama nyuki. Mtoto wa mchwa huzaliwa akiwa na umbo la mchwa mdogo, na kila anapojivua ngozi anaweza kusogezwa kuelekea tabaka fulani. Kuna homoni moja ambayo kazi yake ya kawaida kwa wadudu ni kuwazuia wasikomae mapema, na kiwango chake kikipanda kwa mtoto wa mchwa katika wakati unaofaa, mwili huanza kujenga kichwa kikubwa na mataya marefu ya askari. Askari huyo hulipa gharama: mataya yake hayafai tena kutafuna, ikabidi alishwe na vibarua maisha yake yote. Jamii yenyewe ndiyo inayopima ni askari wangapi wanahitajika, kwa maana askari waliopo hutoa ishara za kikemikali zinazozuia wengine wasiongezeke, na wakipungua, kizuizi hulegea na watoto wengi zaidi huingia katika njia hiyo. Kumbikumbi nao ni ndugu wa hao hao vibarua na askari, ila wamepewa njia ya kukamilisha macho, mabawa na viungo vya uzazi, na mvua za kwanza zikinyesha hutoka, hujivua mabawa na kwenda kuanzisha vichuguu vyao, wale wachache wanaosalimika na ndege na mabeseni yetu.

Jinsi nayo huingia humo, jambo linaloongeza utamu wa habari. Nyuki vibarua wote ni majike, lakini mchwa vibarua huwa wa jinsi zote mbili, na katika jamii ya mchwa wa vichuguu vikubwa askari ni majike peke yao. Hivyo jinsi, ambayo ni ya kurithi, huweka mipaka ya njia zinazowezekana, kisha homoni na hali ya kichuguu huchagua mojawapo.

Hapo ndipo tunapofika kwa mtoto wako na kuku wa kishingo, ambaye ameuliza swali bora kuliko sisi wakubwa. Kishingo ni tofauti ya kurithi moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na wanasayansi wa Edinburgh ulionyesha kwamba kuku hao wana badiliko katika DNA linaloongeza protini fulani inayozuia vinyweleo vya manyoya visianze kuota, na ngozi ya shingo ni nyepesi kuathirika kuliko ngozi ya sehemu nyingine za mwili. Uamuzi huo hufanyika kifaranga akiwa bado ndani ya yai, wala hakuna njia mbadala iliyowekwa akiba kusubiri ishara ya mazingira. Mwambie mwanao awaangalie vizuri: kuku mwenye kishungi kidogo cha manyoya mbele ya shingo kwa kawaida amerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja, na yule aliye wazi kabisa amelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa joto letu la kanda ya kati, shingo isiyo na manyoya humsaidia kuku kupunguza joto mwilini, kwa hiyo asiwaonee huruma.

Bwana Shamba Mstaafu aliongeza:

Mwalimu amenena vyema, na kwa kuwa baba mdogo bado anashikilia nusu yake, napendekeza njia ya kumaliza ubishi bila maneno mengi. Msimu ujao mtafute fungu moja la mayai ya nondo kwenye majani ya nyasi, ili muwe na hakika kwamba viwavi wote watakaotoka ni wa mama mmoja. Wakishaanguliwa, weka kiwavi mmoja mmoja katika makopo yake, na wengine kama ishirini hivi uwaweke pamoja katika kopo moja la ukubwa ule ule. Funika kwa kitambaa chepesi, uyaweke makopo yote katika kivuli kimoja, na uwape wote nyasi kutoka sehemu moja ya malisho, nyingi za kutosha, zikibadilishwa kila siku. Usipofanya hivyo, mzee atasema waliosongamana wamekuwa weusi kwa njaa, na hutakuwa na la kumjibu. Usiwahukumu kwa rangi katika siku za mwanzo. Subiri wajivue ngozi kama mara tatu, ndipo umwite atazame, na makopo ayafunue mwenyewe.